Kupanga Ukanda wa Saa kwenye Linux: Mwongozo Kamili

Saa ya kompyuta ikikosea, wengi hukimbilia kuisogeza mbele au kuirudisha nyuma mpaka ifanane na saa ya mkononi. Kwenye Linux hilo ndilo jambo la mwisho kufanya. Mara nyingi saa yenyewe iko sawa kabisa, na kilichokosewa ni ukanda wa saa, yaani maelezo yanayouambia mfumo uko sehemu gani ya dunia. Ukiisogeza saa ili kuficha ukanda usio sahihi, kioo kitaonyesha muda unaoutaka, lakini ndani utakuwa umeharibu kila kitu kinachotegemea muda halisi: vyeti vya usalama vya tovuti vinaweza kukataliwa, nywila za muda mfupi za kuingilia akaunti zitagoma, na barua pepe zinaweza kuonekana zimetumwa kesho.

Kwa hiyo tutaanza na uchunguzi, kisha ndipo tuguse mpangilio.

## Tofautisha saa mbaya na ukanda mbaya

Fungua terminali uandike amri hizi mbili:

```
date
date -u
```

Ya kwanza huonyesha saa ya mahali ulipo kama mfumo unavyoielewa. Ya pili huonyesha saa ya kimataifa, UTC. Linganisha jibu la `date -u` na UTC kutoka chanzo unachokiamini. Vikilingana, saa yako ni nzima na kasoro iko kwenye ukanda. Visipolingana, saa ndiyo iliyopotoka, nayo ina dawa yake tofauti nitakayoieleza baadaye.

Kwenye distro (matoleo ya Linux) zinazotumia systemd, yaani programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, ambazo leo ndizo nyingi (Debian, Ubuntu, Fedora, Arch, openSUSE na jamaa zao), kuna amri moja inayoonyesha yote kwa pamoja:

```
timedatectl
```

Jibu lake hufanana na hili:

```
               Local time: Tue 2025-03-11 13:42:10 UTC
           Universal time: Tue 2025-03-11 13:42:10 UTC
                 RTC time: Tue 2025-03-11 13:42:10
                Time zone: Etc/UTC (UTC, +0000)
System clock synchronized: yes
              NTP service: active
          RTC in local TZ: no
```

Mistari miwili ya kwanza ikilingana, kama hapo, mashine inafuata UTC au ukanda unaolingana nayo. Seva nyingi za kukodi hukabidhiwa zikiwa hivyo. Mstari wa nne unataja ukanda. Mstari wa tano unasema kama saa imelinganishwa na seva za muda kwenye intaneti. Ukisoma `yes` hapo, ondoa shaka kuhusu saa na uelekeze macho kwenye ukanda.

## Linux inautunzaje muda

Inafaa kutulia kidogo hapa, kwa sababu ukilielewa hili, mengine yote yatajieleza.

Kiini cha Linux hakijui kitu kinachoitwa ukanda wa saa kwa namna tunayoifikiria sisi. Kinahesabu sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, saa 00:00:00 UTC. Hesabu hiyo ni moja kwa kila mashine duniani kwa wakati mmoja. Programu inapotaka kukuonyesha tarehe, huchukua hesabu hiyo na kuitafsiri kwa kanuni za eneo ulilochagua. Jaribu mwenyewe:

```
TZ=Africa/Cairo     date -d @1741700530 '+%F %T %z'
TZ=America/New_York date -d @1741700530 '+%F %T %z'
TZ=Asia/Kathmandu   date -d @1741700530 '+%F %T %z'
```

Utapata:

```
2025-03-11 15:42:10 +0200
2025-03-11 09:42:10 -0400
2025-03-11 19:27:10 +0545
```

Sekunde ni ileile, sura tatu. Tazama pia kwamba tofauti na UTC si lazima iwe saa kamili: Nepal imekaa kwenye saa tano na dakika arobaini na tano.

Kanuni za kutafsiri zimo kwenye folda `/usr/share/zoneinfo`, faili moja kwa kila eneo. Faili hizo hutokana na hifadhidata ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson, ambayo kwa miaka mingi sasa inaratibiwa na Paul Eggert na kuchapishwa na IANA, shirika linaloratibu majina na namba za intaneti. Hazibebi tofauti ya sasa tu. Zinabeba pia historia: lini nchi fulani ilianza saa za kiangazi (desturi ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi), lini iliziacha, lini ilihama upande wa mstari wa tarehe. Samoa iliiruka siku nzima ya 30 Desemba 2011 ilipohama upande huo, na faili la `Pacific/Apia` linalijua hilo.

Mfumo mzima hujua ukanda wake kupitia kitu kimoja, `/etc/localtime`. Kwa kawaida hicho ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye mojawapo ya faili hizo. Kupanga ukanda wa saa, kwa hakika, ni kukielekeza kiungo hicho mahali panapofaa.

## Kuchagua jina sahihi

Majina huandikwa kwa mtindo wa bara na mji: `Africa/Cairo`, `Europe/London`, `Asia/Kathmandu`. Mji si lazima uwe mji mkuu wala mji wako. Unasimama kwa niaba ya eneo lote linalofuata kanuni zilezile. Orodha nzima utaipata hivi:

```
timedatectl list-timezones
```

Ni ndefu, basi ichuje:

```
timedatectl list-timezones | grep -i africa
```

Usipokuwa na uhakika wa jina, amri ya `tzselect` itakuuliza bara, kisha nchi, kisha itakupa jina kamili. Haibadilishi chochote kwenye mfumo; inakujibu tu.

Kuna mitego mitatu kwenye majina, nami naomba uisome polepole maana huwapotosha hata wazoefu.

Mtego wa kwanza ni vifupisho vya herufi tatu. IST hutumika India, Israel na Ireland, na kila nchi ina muda wake. Hatari zaidi ni kwamba mfumo haukukatazi kuandika upuuzi. Amri `TZ=IST date` haitoi kosa lolote: itaandika "IST" pembeni na kuonyesha saa ya UTC. Jina lililokosewa tahajia nalo hufanya vivyo hivyo. Ukiandika `TZ=Afrika/Cairo date`, utapata muda wa UTC bila onyo. Ndiyo maana kila baada ya mabadiliko uangalie namba ya `%z` (tofauti na UTC, kama `+0200`), usiishie kuamini herufi zilizo pembeni.

Mtego wa pili ni majina kama `Etc/GMT-3`. Alama yake imegeuzwa: `Etc/GMT-3` maana yake ni saa tatu mbele ya UTC, na `Etc/GMT+5` ni saa tano nyuma. Huo ni urithi wa kanuni za POSIX, viwango vya mifumo ya aina ya Unix, na haubadiliki. Yaache majina haya isipokuwa una sababu ya pekee. Zaidi ya hiyo alama, hayajui lolote kuhusu saa za kiangazi.

Wa tatu ni majina ya zamani kama `US/Eastern`. Kwenye matoleo mapya ya Debian na Ubuntu yamehamishiwa kifurushi cha pembeni kiitwacho `tzdata-legacy`. Skripti iliyokuwa ikifanya kazi miaka yote inaweza kupotea njia baada ya kupandisha toleo. Badala ya kufunga kifurushi hicho, rekebisha jina liwe `America/New_York`.

## Kubadilisha ukanda

Penye systemd, ni mstari mmoja:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Cairo
```

Weka jina la eneo lako. Herufi kubwa na ndogo ziandikwe kama zilivyo kwenye orodha, na jina la mji lenye maneno zaidi ya moja huunganishwa kwa mstari wa chini, kama `New_York`. Amri ikifaulu haisemi kitu. Hakikisha mwenyewe:

```
date '+%F %T %Z %z'
ls -l /etc/localtime
```

Ya pili ionyeshe mshale unaoelekea `/usr/share/zoneinfo/Africa/Cairo`. Hakuna haja ya kuwasha mashine upya kwa ajili ya hili.

Pasipo na systemd, au ukiwa ndani ya mazingira ambako `timedatectl` inagoma, tengeneza kiungo kwa mkono:

```
ls /usr/share/zoneinfo/Africa/Cairo
sudo ln -sfn /usr/share/zoneinfo/Africa/Cairo /etc/localtime
```

Usiiruke amri ya kwanza. `ln` hukubali kuunda kiungo kinachoelekea kwenye faili lisilokuwapo, na hapo mfumo utarudi kwenye UTC kimyakimya.

Baadhi ya maelekezo yanashauri kunakili faili kwa `cp` badala ya kuunganisha. Mimi nashauri usifanye hivyo. Nakala hubaki na kanuni za siku uliyoinakili. Kifurushi cha kanda za saa kikisasishwa, nakala yako haitajua. Isitoshe, systemd husoma jina la ukanda kutoka mahali kiungo kinapoelekea, kwa hiyo ikikuta faili la kawaida haiwezi kujua jina.

Debian na jamaa zake zina njia ya menyu:

```
sudo dpkg-reconfigure tzdata
```

Familia hiyo kwa miaka mingi imekuwa pia na faili dogo la maandishi, `/etc/timezone`, lenye jina la ukanda tu. Ukitengeneza kiungo kwa mkono na faili hilo lipo, lirekebishe lifanane, kwa kuwa zipo programu zinazolisoma hilo badala ya kiungo:

```
echo Africa/Cairo | sudo tee /etc/timezone
```

Kwenye Alpine, faili za kanda huenda hazipo kabisa mwanzoni. Zifunge kwa `apk add tzdata`, kisha tengeneza kiungo kama hapo juu.

Anayetumia kompyuta yenye mazingira ya picha anaweza kumaliza yote haya kwenye Mipangilio, sehemu ya tarehe na saa. GNOME ina swichi ya kuchagua ukanda yenyewe, ila hutegemea huduma ya mahali iwe imewashwa. Ukiona ukanda unajibadilisha bila ruhusa yako, anza kuitazama swichi hiyo.

## Huduma zilizokuwa zikiendelea

Ukishabadilisha, `date` itatii papo hapo kwa sababu huanza upya kila unapoiita. Huduma zilizowashwa kabla ya mabadiliko ni habari nyingine. Nyingi husoma ukanda zinapoanza na kuushikilia. Utakuta logi (kumbukumbu za matukio) zinaendelea kuandikwa kwa saa ya zamani, au kazi ya cron (programu inayotekeleza kazi kwa ratiba) inaamka wakati usiotarajiwa. Ziwashe upya:

```
sudo systemctl restart cron rsyslog
```

Kwenye Fedora na jamaa zake huduma ya cron huitwa `crond`. Hifadhidata na seva za tovuti zitendee vivyo hivyo, kwa wakati usiowasumbua watumiaji. Kama huduma ni nyingi na hujui ipi imeshika nini, hapo kuwasha mashine upya ni njia ya haki.

Fahamu pia kwamba baadhi ya programu zina mpangilio wake wa ndani. PostgreSQL ina kigezo cha `timezone` kwenye faili lake la mipangilio, PHP ina `date.timezone`, na Java hubeba kanuni za kanda ndani yake yenyewe. Mfumo ukionyesha saa sahihi na programu moja ikakaidi, kasoro itafute ndani ya programu hiyo.

## Ukanda kwa mtumiaji au programu moja

Si lazima mashine nzima ibadilike. Kigezo cha mazingira `TZ` hushinda `/etc/localtime` kwa programu inayokibeba. Kwa amri moja:

```
TZ=Asia/Kathmandu date
```

Kwa mtumiaji mmoja, weka mstari huu kwenye `~/.profile` yake:

```
export TZ=Europe/London
```

Hii inafaa sana kwenye seva inayotumiwa na watu wa nchi mbalimbali: seva ibaki kwenye UTC, kila mtu asome muda wa kwake. Kwa huduma ya systemd, andika `sudo systemctl edit jina-la-huduma`, kisha ongeza:

```
[Service]
Environment=TZ=Asia/Kathmandu
```

Halafu iwashe upya huduma hiyo.

## Kama saa yenyewe ndiyo iliyopotoka

Turudi kwa yule ambaye `date -u` yake haikulingana. Kwanza washa ulinganishaji na seva za muda:

```
sudo timedatectl set-ntp true
```

Subiri kidogo, kisha soma tena `timedatectl`. Mstari wa `System clock synchronized` ukibaki `no`, angalia kama mtandao unazuia njia ya NTP, yaani itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao, ambayo hutumia mlango wa UDP namba 123. Mashine isiyo na intaneti kabisa utaipanga kwa mkono: zima kwanza ulinganishaji kwa `set-ntp false`, ndipo uandike:

```
sudo timedatectl set-time "2025-03-11 15:42:00"
```

Muda huo husomwa kama saa ya ukanda uliowekwa. Kwa hiyo ukanda utangulie, saa ifuate.

Kuna ugonjwa mmoja unaotambulika kwa urahisi: kompyuta yenye Linux na Windows pamoja, ambayo kila ukihama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine saa inaruka kwa kiasi kilekile cha tofauti yako na UTC. Chanzo ni saa ya betri iliyo kwenye bodi ya kompyuta (RTC). Linux huichukulia kuwa UTC. Windows kwa kawaida huichukulia kuwa saa ya mahali ulipo. Kila mmoja anamrekebisha mwenzake. Unaweza kuilazimisha Linux ifuate Windows kwa `set-local-rtc 1`, lakini `timedatectl` yenyewe itakuonya kwamba hali hiyo huleta matatizo wakati wa kubadilisha ukanda na wakati wa saa za kiangazi. Iliyo bora ni kuifundisha Windows kutumia UTC. Fungua terminali ya Windows kwa mamlaka ya msimamizi, andika kwa mstari mmoja:

```
reg add "HKEY_LOCAL_MACHINE\System\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f
```

Kisha kwenye Linux:

```
sudo timedatectl set-local-rtc 0
```

## Seva, cron na saa za kiangazi

Kompyuta ya mezani ifuate saa ya mwenye nayo. Seva, kwa maoni yangu, ibaki UTC, hasa zikiwa zaidi ya moja au zikiwa nchi tofauti. Siku utakapokuwa unatafuta kisa cha hitilafu ndani ya logi za mashine kadhaa, utashukuru kwamba zote zinazungumza saa moja.

Sababu nyingine ni saa za kiangazi. Zinapoanza, kuna saa moja isiyokuwapo kabisa; zinapoisha, kuna saa moja inayojirudia. Kazi iliyopangwa kufanyika 02:30 kwenye `America/New_York` itakuta muda huo haupo siku moja ya Machi, na iliyopangwa 01:30 itakuta muda wake upo mara mbili siku moja ya Novemba. Cron nyingi hujitahidi kuziba pengo hilo, lakini kazi ya kuhesabu fedha au kutengeneza nakala za akiba haifai kutegemea bahati. Ipange kwa UTC au iweke mbali na saa hizo za mpito.

Cron ya Debian haina ukanda wa kila mtumiaji. Hufuata wa mfumo. Vipima muda vya systemd, kwa upande mwingine, hukuruhusu kuutaja ukanda palepale:

```
OnCalendar=*-*-* 06:00:00 Europe/London
```

Na ukitaka kusoma logi za mashine yoyote kwa UTC bila kubadilisha lolote, tumia `journalctl --utc`.

## Ndani ya kontena

Kontena (kifungashio kinachoendesha programu ikiwa imetengwa na mfumo mwingine, kama cha Docker) halirithi ukanda wa mashine linamokaa, na ndani yake `timedatectl` kwa kawaida haifanyi kazi kwa sababu hakuna systemd. Njia safi ni kulipatia `TZ` linapowashwa:

```
docker run -e TZ=Asia/Kathmandu jina-la-imeji
```

Hii inahitaji faili za kanda ziwemo ndani. Imeji (kiolezo ambacho kontena huwashwa kutoka kwake) zilizo ndogo mara nyingi hazina, na hapo unarudi kwenye ule mtego wa UTC ya kimya. Zifunge unapojenga imeji:

```
RUN apk add --no-cache tzdata
ENV TZ=Asia/Kathmandu
```

Ukijenga juu ya Ubuntu, kufunga `tzdata` kunaweza kukwama kukisubiri mtu achague bara kwenye menyu. Weka `DEBIAN_FRONTEND=noninteractive` mbele ya amri ya `apt-get install` na itapita.

## Sasisha kanuni zenyewe

Kazi haiishii kwenye jina sahihi, kwa kuwa serikali hubadilisha kanuni, wakati mwingine kwa taarifa fupi mno. Misri ilirudisha saa za kiangazi mwaka 2023 baada ya miaka kadhaa bila hizo. Machi mwaka huohuo, Lebanon ilitangaza kuahirisha saa za kiangazi siku chache tu kabla hazijaanza, kisha ikabatilisha. Hifadhidata ikalazimika kutoa toleo la 2023b na mara 2023c kulifuta lile lililotangulia. Mashine isiyopokea masasisho huendelea kuonyesha saa ya kanuni za zamani hata kama jina la ukanda liko sawa.

Kifurushi kinaitwa `tzdata` karibu kila mahali:

```
sudo apt update && sudo apt install --only-upgrade tzdata
sudo dnf upgrade tzdata
```

Tumia mstari unaolingana na distro yako. Kisha kagua kama mashine inazijua tarehe za mabadiliko ya eneo lako:

```
zdump -v Africa/Cairo | grep 2025
```

Miongoni mwa mistari itakayotoka ni hii:

```
Africa/Cairo  Thu Apr 24 21:59:59 2025 UT = Thu Apr 24 23:59:59 2025 EET isdst=0 gmtoff=7200
Africa/Cairo  Thu Apr 24 22:00:00 2025 UT = Fri Apr 25 01:00:00 2025 EEST isdst=1 gmtoff=10800
```

Yaani baada ya 23:59:59 ya tarehe 24 Aprili, sekunde iliyofuata ilikuwa 01:00:00 ya tarehe 25. Mashine isipotoa mistari hiyo, inatumia kanuni za kabla ya 2023. Eneo lisilo na saa za kiangazi halitatoa mstari wowote wa mwaka huo, na hilo ni jibu sahihi pia. Baada ya kusasisha, ziwashe upya huduma zako kama tulivyofanya mwanzo, na usizisahau imeji za kontena: hizo hubeba `tzdata` ya siku zilipojengwa, hivyo ni lazima zijengwe upya.